Nyumba ya Baba kwa Futi Kamba

Chukulia nyumba moja ya Magomeni, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, bati limeshika kutu pembeni na mwembe umesimama uani. Mzee amefariki, eda ya mjane imekwisha, na watoto wamekubaliana kuuza. Asubuhi anafika kijana mwenye futi kamba, begi mgongoni na simu ya kupigia picha. "Shikamoo mama." Mama yuko barazani anachambua mchicha, anaitikia, anamkaribisha, kisha bila kuulizwa anaanza kumwelezea nyumba. Msingi ulichimbwa kwa jembe, wiki nzima. Chumba cha kwanza kushoto ndimo walimozaliwa watoto wawili wa mwisho, kwa mkunga wa mtaani. Mwembe ule marehemu aliupanda kwa mkono wake, na majirani wa nyumba tatu wanakula embe zake. Kijana anasikiliza kwa adabu. Kwenye fomu yake anaandika: miti ya matunda, mmoja.

Hajakosea. Kazi yake ndiyo hiyo.

Kiswahili kimemtegea mtu huyu mtego tangu kwenye jina la kazi yake. Kuthamini ni kukadiria kitu kwa fedha. Kuthamini pia ni kukienzi kitu, kukiona kina maana kuliko vingine. Mama anaithamini nyumba, na mthamini anaithamini nyumba, na ukiwasikiliza wote wawili kwa saa moja utaona kwamba hawazungumzii jambo moja hata kidogo.

Asili ya neno ni Kiarabu, na huko kuna tofauti ambayo Waswahili waliidondosha njiani. Wanazuoni wa fiqhi wanaita thaman kile walichokubaliana muuzaji na mnunuzi, kiwe kidogo au kingi. Qima ni kile ambacho kitu kinastahili kwa makadirio ya watu wanaokijua. Kwa hiyo inawezekana kabisa kununua kitu chenye qima ya mia kwa thaman ya sitini, na pengo hilo la arobaini ndipo maswali ya haki na dhuluma yanapoanzia. Maneno yote mawili yalivuka bahari. La kwanza likawa thamani, la pili likawa kima, ambalo siku hizi linasikika zaidi kwenye kima cha chini cha mshahara. Ila yalipofika pwani yalibadilishana viti: thamani, iliyokuwa bei ya mapatano, ikapewa ule uzito wa ndani wa kitu, na mapatano yenyewe yakaitwa bei, kutokana na neno la Kiarabu la kuuza. Huenda ndiyo maana mtu akipewa ripoti ya uthamini hukasirika. Anasoma neno lenye uzito wa moyo, na mbele yake imeandikwa tarakimu ya soko.

Mara nyingi mthamini haitwi na tamaa, anaitwa na hesabu. Kwa familia ya Kiislamu, Kurani imempa mjane wa marehemu mwenye watoto sehemu moja ya nane, na katika kinachobaki mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Ukuta haugawanyiki kwa nane. Ni lazima kwanza nyumba igeuzwe namba. Tuseme ripoti imesema shilingi milioni 240, wazazi wa marehemu walishatangulia, na watoto ni wavulana wawili na wasichana watatu. Mama anapata milioni 30. Zinazobaki, milioni 210, zinagawanywa mafungu saba: kila mvulana milioni 60, kila msichana milioni 30. Hesabu imefungwa, hakuna senti iliyopotea, na hakuna aliyedhulumiwa. Lakini aliyeamka jana kwenye nyumba ya vyumba sita leo ana fungu ambalo kwa mtaa ule ule ni sawa na chumba kasoro robo. Kwa namba, haki imetimia. Kama imetimia pia pale barazani, hilo ni swali ambalo futi kamba haikuletwa kulipima.

Swali hili ni la zamani, na la ajabu ni kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuliandika alitumia nyumba kama mfano. Aristotle, katika kitabu cha tano cha maadili yake, anauliza viatu vingapi vinalingana na nyumba. Mjenzi na mshona viatu wanataka kubadilishana, watalinganishaje? Baadaye anafanya hesabu: nyumba ikiwa ni mina tano na kitanda ni mina moja, basi vitanda vitano ni sawa na nyumba moja. (Ama nyumba za Athens zilikuwa hafifu, ama vitanda vyake vilikuwa vya kifalme.) Kisha anakiri jambo ambalo wauzaji wengi wa nyumba wangependa kulisikia: kwa kweli vitu vilivyo tofauti kiasi hicho haviwezi kulinganishwa. Kinachowezekana ni kuvilinganisha kiasi cha kutosha haja za watu. Fedha inasimama badala ya haja, kwa makubaliano, na ndiyo maana kwa Kigiriki jina lake limetokana na neno la sheria na desturi. Haikutoka kwenye maumbile. Wanadamu waliiweka, na wanadamu wanaweza kuibadilisha.

Mthamini wa leo hadai zaidi ya hapo. Ukimbana atakwambia kwamba hatafuti thamani ya nyumba kwa Mungu. Anatafuta bei ambayo mnunuzi mwenye hiari angempa muuzaji mwenye hiari, wote wakiwa na taarifa, hakuna anayekimbizwa na ada ya shule wala na dalali. Watu hao wawili hawapo. Ni viumbe wa kitaalamu, watulivu kuliko binadamu yeyote aliyewahi kuuza kiwanja. Ili kukisia wangekubaliana nini, mthamini anaangalia nyumba zinazofanana zilizouzwa karibuni. Au anahesabu gharama ya kuijenga upya na kutoa uchakavu. Au, kama nyumba ina wapangaji, anachukua kodi ya pango ya mwaka na kuuliza miaka mingapi ya kodi hiyo mtu mwenye akili angeilipia leo.

Njia hii ya tatu iko kwenye Biblia, na ni wachache kati ya wanaoitumia wanaojua. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, kinaagiza kwamba shamba liuzwe kwa hesabu ya mavuno yaliyobaki hadi mwaka wa yubile, mwaka wa 50, ambapo ardhi inarudi kwa wenyewe. Miaka ikiwa mingi bei inapanda, ikiwa michache inashuka. Kwa maneno mengine, shamba lenyewe haliuzwi, yanauzwa mavuno. Sababu inayotolewa ni ya kiimani tupu: ardhi ni ya Mungu, na waliomo ni wageni na wapangaji wake. Nyumba zina kanuni yake, tena ya mtu aliyejua miji. Nyumba iliyo ndani ya mji wenye ukuta ikiuzwa, mwenyewe ana mwaka mmoja wa kuikomboa. Ukipita, ni ya mnunuzi moja kwa moja na yubile haimgusi. Nyumba ya kijijini isiyo na ukuta inahesabiwa pamoja na shamba, na inarudi.

Sura ya 27 inamleta mthamini mwenyewe. Mtu akiweka nyumba yake wakfu, kuhani anaikagua kama ni nzuri au mbaya, anataja kiasi, na makadirio yake hayana rufaa. Yule aliyeitoa akibadili mawazo na kuitaka tena, anaongeza moja ya tano juu ya makadirio. Hapo kuna ujanja wa kupendeza. Sheria inajua kwamba mwenye nyumba anaipenda kuliko kuhani anavyoweza kuona. Haijaribu kuupima upendo huo. Inamwachia mwenyewe authibitishe kwa asilimia 20.

Tanzania haina kuhani wa aina hiyo, ila ina Mthamini Mkuu wa Serikali, na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa. Sababu si urasimu tu. Nyumba ile ile inaweza kuzaa ripoti zisizofanana ndani ya mwezi mmoja. Akienda benki kuomba mkopo, mwenye nyumba anaomba tarakimu ipande. Ikifika wakati wa kuhamisha hati, na ushuru wa stempu na kodi ya ongezeko la mtaji vikimkodolea macho, anaomba ishuke. Benki nayo inaomba tarakimu ya pili, ya kuuza haraka, yaani bei ya siku ambayo mkopaji ameshindwa na nyumba inapigwa mnada. Serikali ikipitisha barabara, mwenyewe anagundua ghafla kwamba mwembe ni mti wa pekee. Nyumba haijasogea hata inchi. Waliosogea ni watu wanaoizunguka.

Ndiyo maana ripoti ya uthamini inafanana na ushahidi wa mahakamani kuliko inavyofanana na mizani ya dukani. Mizani haijui nani anapima. Shahidi anajua, na anaweza kushawishiwa. Kwa hiyo swali la msingi la maadili kwenye uuzaji wa nyumba haliko kwenye "ni shilingi ngapi". Liko kwenye nani ameambiwa nini kabla ya shilingi kutajwa.

Mwanasheria wa Roma, Cicero, aliliweka wazi mwaka 44 kabla ya Kristo katika kitabu alichomwandikia mwanawe aliyekuwa akisoma Athens. Mtu mwema anauza nyumba kwa sababu ya kasoro anazozijua peke yake: ina maradhi na watu wanaidhania ina afya, nyoka wanatokea katika kila chumba cha kulala, mbao zake ni mbovu na iko karibu kuanguka. Je, akikaa kimya na kupata bei nzuri kuliko alivyotarajia, amedhulumu? Cicero anawapambanisha wanafalsafa wawili wa Kistoa. Diogenes wa Babeli anasema hapana: hakumlazimisha mtu, mnunuzi ana macho, na ni upuuzi gani kumwona mpiga mnada akitangaza kwamba anauza nyumba yenye tauni? Mwanafunzi wake Antipater anasema ndiyo: kumwacha mtu aingie shimoni kwa kutokujua ni kubaya kuliko kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Cicero anamwelekea Antipater, na hasemi kwamba kila kunyamaza ni kuficha. Kuficha, kwake, ni kunyamazia kwa faida yako kile ambacho mwenzako ana maslahi ya kukijua.

Badala ya nyoka, weka maji. Nyumba iliyo karibu na bonde la Msimbazi, mtu akija kuiona mwezi wa nane, ina hewa nzuri na uwanja mkavu unaofaa hata kwa harusi. Desemba 2011 mafuriko yaliingia Dar es Salaam kwa nguvu kiasi kwamba serikali ikawahamishia Mabwepande baadhi ya waliokuwa bondeni. Mstari wa tope ukutani unafutika kwa ndoo moja ya rangi. Mthamini makini huuliza majirani, hutazama ukuta wa nyuma, hugusa plasta kwenye kona za chini. Lakini mwenye nyumba hahitaji kugusa kitu. Anajua.

Kisa kingine cha Cicero kinaweza kuwa kimetokea Kimara. Watabiri rasmi wa Roma, waliokuwa wakisoma dalili za miungu angani kutoka kwenye ngome, walimwamuru Tiberius Claudius Centumalus abomoe sehemu za nyumba yake kwenye kilima cha Caelian kwa sababu zilikuwa ndefu na zinaziba upeo wao. Claudius hakubomoa. Aliitangaza, na Publius Calpurnius Lanarius akainunua. Watabiri wakampelekea amri ile ile mmiliki mpya. Calpurnius akabomoa, kisha akaenda kwa mwamuzi, na Marcus Cato, baba wa yule Cato mashuhuri, akaamua kwamba muuzaji aliyejua akanyamaza anapaswa kulipa hasara. Yeyote aliyewahi kuona X nyekundu iliyopigwa ukutani na watu wa barabara anaielewa hukumu hii bila wakili. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, zilibomolewa ili barabara ipanuliwe. X ni rangi, na rangi hufunikwa na rangi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwahi kukutana na Pythius wa Syracuse, mtu wa tatu wa Cicero, aliyewaita wavuvi waje kuvua mbele ya bustani yake siku ambayo mteja wake, Canius, alialikwa chakula. Mashua zikajaa, samaki wakamwagwa miguuni pa mwenyeji. Canius akanunua kwa bei aliyotajiwa, pamoja na vyombo vyote vya humo. Kesho yake hakuona hata kasia moja, akamuuliza jirani kama ni sikukuu ya wavuvi. Jirani akamjibu kwamba huku hakuna anayevua. Jana hata yeye alishangaa.

Mapokeo ya Kiislamu yana masharti yanayokaribiana sana na haya: muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao inabarikiwa, wakificha na kudanganya, baraka inafutwa. Lakini kuna simulizi moja katika mkusanyiko wa Bukhari inayokwenda mbali zaidi ya kusema kweli. Abu Rafi', mtumwa aliyeachwa huru na Mtume, alikuwa na vyumba viwili ndani ya ua wa Sa'd bin Abi Waqqas. Alimwendea Sa'd avinunue. Sa'd alikataa, al-Miswar bin Makhrama, aliyekuwepo, akamhimiza. Sa'd akasema basi, lakini hazidishi dirhamu elfu nne, tena kwa mafungu. Abu Rafi' akajibu kwamba ameshapewa ofa ya dinari 500. Ukihesabu dinari moja kwa dirhamu 10 au 12, kama ilivyokuwa kawaida ya kale, hiyo ni elfu tano hadi elfu sita. Na bado akamuuzia Sa'd kwa elfu nne za mafungu, kwa sababu, alisema, alimsikia Mtume akisema kwamba jirani ana haki zaidi kwa sababu ya ukaribu wake.

Hapo wanasheria wamegawanyika. Wahanafi wanampa jirani haki ya kutangulia kununua. Washafii, ambao ndio wengi kwenye pwani ya Afrika Mashariki, wanampa mshirika wa mali tu. Lakini tazama alichofanya Abu Rafi' bila wanasheria. Jirani, hata akiwa na haki ya kutangulia, kwa kawaida hulipa bei aliyotoa mgeni. Hakuna kanuni inayosema apunguziwe. Punguzo lilikuwa la Abu Rafi' mwenyewe. Alikuwa na tathmini mkononi, dinari 500 za mtu mwenye hiari, na akaamua kwamba haimfungi. Kwenye ua ule kuliishi watu waliokuwa wakisikia kikohozi chake usiku, na kumleta mgeni kati yao kulikuwa na gharama ambayo haikuwa ndani ya dinari.

Je, na gharama ya muuzaji mwenyewe? Mama wa Magomeni anaondoka na nini badala ya chumba walimozaliwa watoto? Thomas Aquinas, mtawa wa karne ya 13, anaingia hapa na jibu lisilotarajiwa. Anauliza kama ni halali kuuza kitu zaidi ya thamani yake, na anajibu kwa kutofautisha. Ikiwa kuachana na kitu kunamuumiza muuzaji, anaruhusiwa kutoza zaidi ya thamani ya kitu chenyewe, kwa kuwa bei itafuata pia hasara anayoipata. Lakini ikiwa ni mnunuzi anayekihitaji sana, na muuzaji hapotezi kitu cha ziada, hana ruhusa kutumia shida ya mwenzake kupandisha bei, maana haja hiyo si mali yake ya kuuza. Dalali yeyote wa Dar es Salaam akisikia hivyo atacheka. Soko limegeuza kanuni hiyo miguu juu: mteja akionekana anahaha, bei inapanda, muuzaji akilia kwa kumbukumbu, anaambiwa kumbukumbu hazina hati. Na cha juu cha dalali, kile anachoongeza kimya kimya juu ya bei ya mwenye nyumba, Aquinas asingekipa jina zuri.

Hata hivyo sheria za nchi zimejaribu kumsikiliza mtawa huyo, angalau pale mtu anapoondolewa kwa lazima. Kenya, kwa muda mrefu, imeongeza asilimia 15 juu ya bei ya soko kama kifuta usumbufu. Tanzania, kwa kanuni za fidia za mwaka 2001, inaongeza posho kadhaa juu ya thamani ya soko: ya usafiri; ya makazi, inayohesabiwa kwa kodi ya nyumba ya mwezi mara 36; na posho ya usumbufu. Hii ya mwisho hupatikana kwa kuzidisha thamani ya mali kwa wastani wa riba ambayo benki zinalipa kwenye amana za muda maalumu. Soma tena. Huzuni ya kuhama nyumba, mbele ya sheria, inapanda benki zikipandisha riba na inashuka zikishusha. Si kejeli ya mtu mbaya. Mwandishi wa kanuni alihitaji namba, akachukua iliyokuwa karibu.

Upande wa pili wa mizani hauzungumzwi sana na wauzaji. Milioni 240 zile, nani amezitengeneza? Marehemu alichimba msingi, sawa. Lakini hakutandaza lami, hakuleta maji ya bomba, hakupitisha mabasi ya mwendokasi. Katika Kariakoo jambo hili liko uchi kabisa. Mnunuzi wa nyumba ya zamani pale hanunui nyumba. Ananunua kiwanja, na nyumba ni kifusi kinachosubiri gari. Kilichofanya kiwanja kile kiwe dhahabu ni wachuuzi, wapagazi, wenye fremu, na wateja wanaotoka Lubumbashi na Lusaka kufuata nguo na vyombo. Mwenye hati analala, na mtaa unampandishia bei.

Julius Nyerere aliliona hili mapema. Mwaka 1958, kwenye makala yake Mali ya Taifa, alisema ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake wote, na kwamba anachoweza mtu kudai kuwa chake ni jasho aliloliweka juu yake. Hoja hiyo ikawa sheria: baada ya uhuru umilikaji huru wa ardhi ulifutwa, na ikaja kauli iliyodumu miaka mingi, kwamba ardhi tupu haina thamani. Aprili 1971 serikali ikaenda hatua nyingine. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 yalitaifishwa, na yale yaliyokuwa yametimiza miaka 10 wenyewe hawakupata fidia. Kwa siku ile, tofauti kati ya 99,000 na 101,000 kwenye kitabu cha mthamini ilikuwa tofauti kati ya mwenye nyumba na asiye na nyumba. Ilikuwa siku ya mwenye nyumba kutamani nyumba yake ionekane ya bei ndogo.

Kauli ya ardhi tupu ilianza kupasuka mwaka 1994, pale Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika shauri la Lohay Akonaay, ilipoamua kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba anayenyang'anywa anastahili fidia ya haki hata pasipo na jengo, ikiwa ameiwekea ardhi nguvu zake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaandika kwamba ardhi ina thamani. Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu Kariakoo. Nyalali alikuwa sahihi kuhusu mkulima. Ni vigumu kumpata mtu aliyefanikiwa kuweka ukweli wote wawili kwenye fomu moja ya uthamini.

Mombasa kuna jaribio la zamani la kutenganisha nyumba na ardhi. Katika mitaa kama Majengo, watu wengi wana nyumba bila ardhi: kuta, bati na milango ni vyao, uwanja ni wa mwingine anayelipwa kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba inarithiwa, inauzwa, inapangishwa, na udongo chini yake haujui. Sheria ya Kiingereza, inayosema kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi, ilipata tabu kuuelewa mpango huu. Kwa mwenye nyumba ni rahisi kuueleza na ni vigumu kuishi nao. Mwenye ardhi akiamua kuuza, kilichobaki mkononi ni mabati.

Na kuna waliokataa mchezo wote. Nabothi wa Yezreeli aliahidiwa na mfalme Ahabu shamba la mizabibu bora kuliko lake, au fedha taslimu kwa thamani ya lake. Ofa ilikuwa nzuri kuliko ya soko. Alikataa kwa kuwa shamba lake lilikuwa urithi wa baba zake, na akauawa kwa mashahidi wa uongo. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Mchagga anayeulizwa bei ya kihamba, shamba la ukoo ambamo babu zake wamezikwa, anaweza kumtazama muulizaji kama Nabothi alivyomtazama Ahabu, ingawa siku hizi wapo wanaoanza kutaja bei.

Ripoti ya Magomeni ilikuja baada ya wiki mbili, kurasa kumi na kitu, na picha ya mwembe kwenye ukurasa wa tatu. Mnunuzi naye akaja, mfanyabiashara mwenye haraka, akakagua vyumba vyote, akaridhika. Watoto walikuwa wamesimama ukumbini, wakimwombea asibadili mawazo. Mama akamwita uani. "Mwanangu," akamwambia, "chumba hiki cha nyuma, masika ikikolea, maji yanapanda mpaka hapa," akaonyesha kwa kiganja, kiasi cha goti, "na ile boriti juu ya mlango ina mchwa. Marehemu alikuwa anaipaka oili chafu kila mwaka. Kijana wa futi kamba hakuiona." Mnunuzi akatazama boriti, akatazama ukuta, akatoa simu yake kuanza hesabu upya. Mwana mkubwa akashika kichwa. Mama akarudi barazani kwenye mchicha wake.